Vipande Tisa vya Msonobari

Watu walimwita Fundi Pamba, na jina lenyewe halikuwa fumbo. Masikioni mwake mlikuwa na pamba kutoka asubuhi hadi jioni, pamba nyeupe iliyogeuka rangi ya chai kwa vumbi la mbao. Mteja akifika karakana, akasalimia na asijibiwe, alicheka na kupaza sauti: "Toa pamba, mzee!" Fundi akiona mtu anacheka, naye alicheka, akaligusa sikio lake kama mtu aliyekumbushwa jambo, akasema, "Mashine hizi zitanimaliza, bwana." Basi yakaisha. Hakuna aliyejiuliza mbona mashine yenyewe ilikuwa imezimwa.

Pamba ile ilikuwa ya kusitiri aibu. Masikio yake yalianza kuharibika akiwa na miaka kumi na saba, alipopata kazi kwenye kiwanda cha kupasulia magogo na kusimamishwa ubavuni mwa msumeno wa mviringo. Alisimama pale miaka kumi na minne. Siku hizo hakuna aliyekupa kitu cha kuziba masikio. Ukilalamika, ulionyeshwa lango. Alipotoka kwenda kufungua karakana yake, alikuwa anasikia watu kana kwamba wanazungumza wakiwa chumba cha pili, na kila mwaka chumba hicho kilizidi kwenda mbali. Pamba alianza kuivaa wakati hakukuwa tena na cha kukinga. Ila aligundua faida yake: mwenye pamba asipojibu, kosa ni la pamba. Asiye na pamba asipojibu, ataitwa kiziwi, na seremala kiziwi atapewa kazi na nani?

Utasema, useremala ni mikono na macho, masikio ya nini? Usemayo ni kweli kwa mbao nyingine, lakini Fundi Pamba alikuwa mtu wa msonobari, ule ambao mafundi wengi huuita paini. Kuna watu wakisikia jina hilo hukunja pua. Wao wanataka mtiki, wanataka mbao za kuvunja misumari. Waache watake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: msonobari ni mwepesi begani, hupokea msumari bila kupasuka ukijua pa kuupigilia, na randa ikipita juu yake, maranda hutoka marefu, yamejikunja, yananukia utomvu. Ndio unaobeba mapaa, ndio dawati la shule, ndio kitanda cha kwanza cha watu waliooana bila kitu. Ila una vitimbi vyake. Vifundo vyake vinavuja utomvu hata chini ya rangi, na usipoviziba kwa vanishi mapema, doa la manjano litachungulia siku mteja ana wageni. Mchwa wanaupenda kuliko mwenye nyumba. Na kubwa zaidi, mti huo unabeba maji mengi, na yakitoka, ubao unasinyaa na kupinda. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Mbao ya msonobari ukiiunga ingali mbichi, itajikunja yenyewe, tena ndani ya nyumba ya mtu.

Kwa hiyo lazima ikauke kwanza. Inapangwa kivulini, ubao juu ya ubao, vibanzi katikati ili upepo upite, na inasubiriwa. Fundi aliyefunzwa kama alivyofunzwa yeye hajui kuhesabu miezi. Anagonga. Ubao mkavu ukigongwa kwa kidole unalia. Mbichi unanung'unika tu. Hapo ndipo masikio yalipohitajika, na hapo ndipo mke wake alipoingia.

Mkewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno mengi, na pete ya ndoa iliyombana hadi ikawa haivuki kifundo cha kidole. Mwaka wa pili wa ndoa yao, mumewe aligonga ubao mara tatu, akabaki amesimama, uso umemshuka. Mke akajua. Alisogea, akagonga kwa ile pete, akasikiliza, akanyanyua kidole kimoja. Kidole kimoja maana yake kavu. Ubao uliofuata aligonga, akakunja ngumi. Ngumi maana yake bado. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yao ya wawili. Kabla fundi hajaugusa ubao wowote, mke alitoka jikoni akijifuta mikono, akapita kwenye rundo akigonga kama mtu anayebisha hodi kwa utani, na wateja waliona ni vituko vya mama huyo tu. Kwa zaidi ya miaka thelathini, milango ya Fundi Pamba haikuwahi kufungua ufa, na sifa zote zilimwendea mzee na sikio lake la fundi.

Kisha mke akaugua figo, akalazwa siku kumi na moja, na siku ya kumi na mbili fundi akarudi nyumbani peke yake, na mfuko wa nguo za mkewe.

Miaka mitatu ikapita. Nyumba yao ina vyumba viwili na jiko, na karakana iko ubavuni, zinatenganishwa na mlango mmoja ambao fundi hakuufunga tena. Kila asubuhi aliamka, akapika chai, akainywa akiwa amesimama, kwa kuwa kukaa mezani peke yake kulimfanya aone kile kiti kingine. Redio aliiwasha. Hakuisikia hata kidogo, ila aliweka kiganja juu yake, akihisi inatetemeka anajua inasema, na majirani wakipita wajue kwamba mwenye nyumba anasikiliza habari. Vitu vya mkewe hakuvigusa. Kanga zake zilibaki zimekunjwa, mizani yake ndogo ya kupimia unga ilibaki juu ya kabati la jikoni, na mikebe yake ikabaki kwenye rafu nyuma ya mlango. Upweke ulimwingia mwilini kama baridi ya asubuhi, na hakuwa na mtu wa kumwambia, maana ili umwambie mtu lazima uwe tayari kumsikia akikujibu.

Kazi nayo ikaanza kumgeuka. Aliendelea kugonga mbao mbele ya wateja, akitikisa kichwa kama mjuzi, na moyoni hajui hili wala lile. Alibahatisha. Kabati moja likapinda, mlango wa pili ukasinyaa, kitanda kikaanza kulia usiku mpaka wenyewe wakakifunga kwa waya. Watu hawakumtukana, walimheshimu kwa umri wake. Waliacha tu kuja.

Lililomuuma zaidi ni la bintiye. Huyo ndiye mtoto wake pekee, mwalimu, anaishi na mumewe mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Walipoanza kujenga nyumba yao, baba aliwatengenezea mlango wa jikoni. Alipokwenda kuwatembelea miezi sita baadaye, aliukuta mlango umefungua ufa katikati, na kwenye ufa huo mkwe wake alikuwa amesokomeza gazeti lililokunjwa vizuri. Alipoona mzee anatazama, mkwe alisimama mbele ya mlango kwa adabu na kuanza kuzungumzia mvua. Fundi aliona midomo inacheza, akaitikia "Ndiyo, ndiyo," na alitamani ardhi ipasuke.

Mwaka huo wa tatu, mwanzoni mwa kiangazi, ujumbe uliingia kwenye simu yake. Bintiye alikuwa amezoea kumwandikia, kwa sababu baba alidai mtandao wa kwao ni mbovu.

"Baba shikamoo. Chumba chako kimeisha, bado mlango. Tutanunua wa chuma ili usisumbuke. Mwisho wa mwaka tutakuja kukuchukua. Kukaa peke yako imetosha."

Fundi alisoma mara mbili, akaketi juu ya benchi ya kazi. Mlango wa chuma! Fundi wa msonobari akalale nyuma ya bati kama bidhaa za dukani! Lakini hasira hiyo ilikuwa ya juu juu tu. Chini yake kulikuwa na woga. Aliwapenda bintiye na wajukuu zake wawili. Aliogopa kukaa miongoni mwao akitabasamu kila mdomo unapofunguka, huku watoto wakimwita "Babu! Babu!" mpaka wachoke. Hapa nyumbani alikuwa mpweke, ila mpweke mwenye kazi. Na ndani ya karakana hii kulikuwa na mahali mkewe aliposimama, anapajua kwa inchi. Alivuta simu, akaandika kwa kidole kimoja:

"Mlango wa chumba changu nitautengeneza mwenyewe, kwa msonobari. Ukipita mwaka mzima haujafungua ufa, niacheni na kazi yangu. Ukifungua ufa, nitafunga karakana na kuja kukaa kwenu, na sitashika randa tena."

Jibu lilichelewa hadi mchana. "Sawa Baba. Ahadi ni deni."

Kesho yake alikwenda kwa muuza mbao, mtu mnene mwenye mdomo wa kuuza hata kivuli. "Hizi, mzee wangu, kavu tangu zamani! Wewe si ndiye bingwa? Zigonge!" Fundi alizigonga. Hakuna kitu. Aliweka shavu juu ya ubao mmoja, akahisi una ubaridi, lakini asubuhi ile kila kitu kilikuwa na ubaridi. Alichagua sita zenye nyuzi zilizonyooka na vifundo vidogo, akazipeleka nyumbani kwa mkokoteni, akazipanga kivulini na vibanzi katikati. Kuchagua alikuwa bado anajua. Alichokosa ni siku ya kusema: sasa tayari.

Wiki zikapita. Kila asubuhi aligonga zile mbao sita, akijaribu kusikia kwa mfupa wa kidole, kwa meno, akauma hadi kipembe cha ubao kama mtu anayeonja muhogo. Akisubiri mno, kiangazi kingekwisha na mvua zingerudisha maji yote ndani ya mbao. Akiwahi, mlango ungemwaibisha. Mara nyingine, akisahau, alitazama mlango wa jikoni akisubiri mtu atoke anajifuta mikono.

Ndipo akaja Mama Cherehani. Huyu ni mshonaji wa nyumba ya nne, rafiki wa marehemu tangu ujana, na alimwita fundi shemeji. Alikuja amebeba droo kifuani kama mtoto. Alikuwa ameagiza kabati la droo tatu la kuwekea vitambaa, na ndicho kitu cha kwanza fundi alichokitengeneza baada ya mazishi.

"Shemeji," akasema, akisimama mbele yake kabisa, midomo ikifunguka taratibu, "droo yako hii, mvua ikinyesha inagoma kutoka, jua likiwaka inatoka yenyewe. Nimeivuta leo mpaka nimeanguka nayo. Mteja wangu amecheka hadi amesahau kupimwa!"

Fundi aliona haya. Aliigeuza droo, akairanda pembeni kidogo, kisha akataka nta ya kupaka chini ili iteleze. Kila seremala anajua kwamba droo hupakwa mshumaa. Karakana haikuwa na mshumaa, ila akakumbuka mkewe alikuwa anahifadhi vipande vya mishumaa kwenye mkebe mmoja nyuma ya mlango wa jikoni. Akasita. Halafu akaenda, akaushusha mkebe, akaufungua kwa mara ya kwanza.

Ndani mlikuwa na vipande vya mishumaa, kweli. Chini yake mlikuwa na vipande vya msonobari, tisa, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Alidhani ni kuni za kuwashia jiko, maana siku zote mkewe alikuwa akichomoa vipande vya namna hiyo kwenye rundo la mbao na kusema, "Hiki nakipeleka jikoni." Kisha akaona maandishi. Kwa penseli, kwa mwandiko wa mkewe uliolala upande, kipande cha kwanza kiliandikwa: *mzigo wa mwezi wa tatu*. Chini yake tarakimu zimepangwa moja chini ya nyingine: 121, 112, 104, 97, 92, 88, 86, 85, 85, 85. Halafu mstari. Chini ya mstari amechora kidole kimoja kimesimama.

Alikigeuza. Ncha zake mbili, pale msumeno ulipokata, zilikuwa zimepakwa nta ya mshumaa. Hapo ndipo akili ya ufundi ilipomfungukia kabla ya moyo. Kipande kidogo hukauka upesi kwa kupitia nchani, kikakudanganya kwamba na ubao mzima umekauka. Ukiziba ncha, kinalazimika kukauka taratibu, kwa ubavu, kama ubao wenyewe. Mtu aliyefanya hivi alikuwa amekosea kwanza, akafikiri, akarekebisha. Mtu huyu alikuwa akikata kipande kutoka kwenye kila mzigo, anakiweka ndani ya rundo, anakitoa kila baada ya siku kadhaa na kukipima kwenye mizani ya unga. Uzito ukigoma kushuka mara tatu, maji yamekwisha. Na yeye mume alikuwa akigomba kila mwezi kwamba mishumaa inaisha!

Mizigo miwili kwa mwaka, vipande tisa. Miaka minne na nusu.

Kilichomjia kwanza ni hasira. Kwa nini upime, wewe mwenye masikio? Alirudi karakana na kipande mkononi, akamkuta Mama Cherehani ameketi juu ya kigogo akimsubiri.

"Shemeji," alisema, na sauti yake mwenyewe hakuisikia, "mke wangu alikuwa anapima mbao. Kwa nini alikuwa anapima? Si alikuwa anagonga?"

Mama Cherehani alimtazama. Kisha alimwonyesha fundi akae, ili amwone vizuri, akasema neno moja moja:

"Alikuwa hasikii, shemeji. Miaka ya mwisho ile. Sikio la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata. Mimi nilikuwa nazungumza naye kwa mikono. Wewe hukujua?"

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, walisema. Yeye alilala ndani. Alilala ubavuni kwake, akala naye, akagombana naye, na hakujua. Kumbukumbu zikaanza kumjia zikisukumana. Alivyokuwa akimwita kutoka karakana asiitike, akadhani amenuna. Alivyozidi kupaza sauti miaka ile, yeye akidhani anapazia mumewe. Alivyokuwa akimkazia macho midomoni, naye akajisifu moyoni kwamba uzeeni bado anatazamwa hivyo na mkewe! Viziwi wawili nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenzake, na redio inawaimbia kuta.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ukijua utaacha kazi. Akasema wewe bila randa utakufa kabla yake." Mama Cherehani alijifuta macho kwa pindo la kanga. "Nami nilimwapia. Nisamehe, shemeji."

Alipoondoka, droo ikiwa inateleza vizuri, fundi alivimwaga vipande vyote tisa juu ya benchi. Vinane vilikuwa na mstari na kidole. Cha tisa hakikuwa nacho. Kiliandikwa *mzigo wa mwezi wa tisa*, kikawa na tarakimu nne tu: 118, 109, 101, 96. Mwezi wa kumi alilazwa. Na mbao za mzigo huo, zingali na maji, ndizo mume wake aliyeduwaa kwa msiba alizozishika, akatengeneza kabati la Mama Cherehani. Fundi aliegemeza kichwa chake kwenye benchi na kulia kwa sauti, na kwa vile hakujisikia, hakujua alilia kwa nguvu kiasi gani. Wapita njia walisikia. Hicho cha tisa alikifunga kwenye kitambaa, akakirudisha peke yake ndani ya mkebe.

Asubuhi ya pili alichukua ubao mmoja katika zile sita, akakata kipande mbali kidogo na ncha yake, akakipaka nta pande mbili. Aliteremsha ile mizani, akaifuta unga wa miaka mitatu, akabadilisha betri. 110. Akaandika. Muuza mbao na ukavu wake wa tangu zamani!

Akakirudisha kipande ndani ya rundo, na maisha yake yakapata siku moja ya kusubiriwa: kila Jumapili, baada ya chai, kupima. 104. 99. 95. Alianza kunywa chai akiwa ameketi, mizani ikiwa mbele yake juu ya kile kiti kingine. Alizungumza nayo pia, kwa nini nisiseme. "Haraka ya nini?" alikiambia kipande kilipogoma kwenye 90, kisha wiki iliyofuata kikashuka hadi 88. Mbao ni kama mgonjwa anayepona, huwezi kumsukuma. 86. 85. 85. Jumapili ya tatu alipoona 85, hakuamini, akaitoa mizani nje mahali pa tambarare, akapima tena. 85.

Mlango aliutengeneza kwa siku tisa. Aliunga fremu kwa ndimi za kuchonga, bila msumari hata mmoja, na mbao za katikati akaziingiza kwenye mifereji bila gundi, ili zikitaka kupumua zipumue bila kuvunja kitu. Kila kifundo alikiziba kwa vanishi mara mbili kabla ya rangi. Karakana ilinukia utomvu kama zamani, na mara nyingi alisimama, randa mkononi, akiwa na furaha, kisha akageuka kumwonyesha mtu na kukuta ukuta.

Bintiye na mkwe walifika na gari la mizigo la kukodi. Binti aliugusa mlango, akaufuata kwa kidole kutoka juu hadi chini, akitafuta pa kulaumu, kama mamake.

"Mzuri, Baba."

"Mwanangu," alisema fundi. Alitoa pamba sikio la kulia, kisha la kushoto, akaziweka juu ya benchi. Zilikuwa chafu mno, akaona haya. "Mimi sisikii. Si leo tu. Tangu hujazaliwa nilikuwa nasikia nusu, na sasa sisikii kabisa. Hicho ndicho nilichokuwa nawaficha."

Bintiye alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuzia uso wake.

"Najua, Baba. Mtandao wa kwenu haujawahi kuwa mbovu."

"Na mama yako naye, ulijua?"

"Mama aliniambia mwaka nilioolewa. Ile mizani nilimnunulia mimi."

Fundi alitikisa kichwa taratibu. Kumbe nyumba nzima ilikuwa inajua, isipokuwa mwenye nyumba. Alicheka kidogo, akawasaidia kuubeba mlango hadi kwenye gari.

Masika yakaja, yakapita. Kiangazi kikaja, kikali, cha kupasua midomo. Kila mwezi bintiye alimtumia picha ya mlango, bila maneno. Mwaka ulipotimia, picha iliyofika ilimwonyesha mjukuu wake mdogo amesimama mbele ya mlango uliofungwa, akijaribu kupenyeza sarafu kati ya mbao na mbao, na sarafu haipiti. Chini yake bintiye alikuwa ameandika: "Umeshinda Baba. Ahadi ni deni. Chumba kitakusubiri hata hivyo."

Fundi aliitazama picha hiyo muda mrefu. Alikuwa ameshinda. Karakana ni yake, randa ni yake, na wateja wameanza kurudi. Siku hizi huwaambia mapema, "Mimi ni kiziwi, simama hapa nikuone mdomo," nao husimama. Na chumba chenye mlango bora kuliko yote aliyowahi kuitengeneza kilikuwa nusu siku kwa basi, kitupu, kwa sababu mlango wenyewe ulitoka vizuri. Alihisi ushindi huo ukimlemea kifuani. Angeweza kwenda. Alijua angekwenda siku moja. Lakini si kabla ya kumaliza kazi iliyobaki.

Akauteremsha mkebe. Akafungua kitambaa, akatoa kipande cha tisa, akakiweka juu ya mizani kwa ncha za vidole. 84. Aliandika kwa penseli chini ya 96 ya mkewe, akijitahidi tarakimu zake zilale upande kama zile za juu. Jumapili iliyofuata alipima tena: 84. Iliyofuata, 84.

Alichora mstari. Akakigonga mara moja kwa kidole, kwa mazoea, na bila shaka hakusikia kitu. Kisha, jikoni, mbele ya kiti kitupu, akanyanyua kidole kimoja, akakishikilia juu muda wa kutosha kwa mtu aliye mlangoni kukiona.